Ngazi ya mbuzi: Kazi ndogo inayookoa mimba, kiwele na mfuko wa mfugaji

KATIKA vijiji vingi vya Nyeri, banda la mbuzi wa maziwa hutambulika kwa mbali. Ni nyumba ndogo ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, paa lake la mabati, sakafu yake ikiwa imeinuliwa futi mbili au tatu kutoka ardhini. Mfugaji hutumia fedha nyingi kununua mbao, mabati na misumari ya kujengea. Lakini inapofika zamu ya ngazi, aghalabu huokota jiwe, gogo au ubao uliobaki, akauegemeza mlangoni na kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Kosa hilo huonekana dogo hadi siku ambapo mbuzi mwenye mimba ya miezi minne anateleza asubuhi ya mvua na kuangukia ubavu. Mfugaji aliyetarajia watoto wawili na maziwa ya miezi kadhaa hujikuta akimwita daktari wa mifugo, na mara nyingine akizika kile alichokuwa akikingoja. Kwa familia inayotegemea mbuzi wawili au watatu kupata karo na mahitaji ya nyumbani, hasara ya aina hiyo si ndogo.

Makala haya yanaeleza kwa nini ngazi ya mnyama inastahili kupimwa na kujengwa kwa uangalifu kama banda lenyewe, na jinsi mfugaji anavyoweza kuitengeneza nyumbani kwa msumeno, nyundo na mbao chache.

Mbuzi walivyopanda ghorofani

Ufugaji wa mbuzi wa maziwa ulishika mizizi Nyeri katika miaka ya 1990, mashamba yalipokuwa yakigawanywa vipande vidogo na familia nyingi zikashindwa kupata malisho ya kutosha ng'ombe. Kupitia mradi uliosaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, mbuzi aina ya German Alpine waliletwa na kuzalishwa pamoja na mbuzi wa kienyeji. Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa nchini, kijulikanacho kama DGAK, kiliundwa mwaka 1994 na makao yake yakawa Nyeri. Upande wa pili wa mlima, katika maeneo ya Meru na Tharaka, shirika la FARM-Africa la Uingereza liliwasaidia wakulima kufuga mbuzi aina ya Toggenburg, ambao asili yao ni Uswisi.

Pamoja na mbuzi hao ulikuja mtindo wa kuwafugia ndani, bila kuwatoa malishoni, na banda lenye sakafu iliyoinuliwa. Mbao za sakafu hupigiliwa zikiachiana nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, ili kinyesi na mkojo vidondoke chini na mbuzi alale pakavu.

Sababu za kuinua banda ni za msingi. Maeneo yanayozunguka Mlima Kenya hupata mvua ya masika kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake huja baridi na ukungu wa Julai. Mbuzi hastahimili unyevu. Akilala juu ya tope na mkojo hushikwa kwa urahisi na homa ya mapafu, kwato huoza, na watoto hushambuliwa na minyoo pamoja na ugonjwa wa kuhara damu. Sakafu iliyoinuliwa hupunguza hatari hizo zote, na mbolea iliyo chini yake hukusanywa kwa urahisi na kupelekwa katika mashina ya kahawa, migomba au mboga.

Hata hivyo, kila kilichoinuliwa sharti kiwe na njia ya kukifikia. Hapo ndipo wafugaji wengi hujikwaa.

Mbuzi hupanda majabali, mbona ajengewe ngazi?

Swali hilo huulizwa na wengi, na lina msingi wake. Kwato za mbuzi zina ukingo mgumu unaoshika mwamba na sehemu laini ya ndani inayozuia kuteleza. Mbuzi wa kienyeji, ambaye uzani wake mara nyingi hauzidi kilo 30, huruka juu ya ukuta pasipo taabu.

Mbuzi wa maziwa ni kiumbe mwingine. Jike la German Alpine aliyekomaa huweza kupita kilo 60, na mimba yake huchukua takriban siku 150. Mara nyingi huwa amebeba watoto wawili, na katika wiki za mwisho tumbo humfanya kuwa mzito wa kugeuka na kuruka.

Isitoshe, kiwele chake kikijaa huning'inia karibu na magoti ya nyuma. Anapolazimika kupanda hatua ndefu, kiwele hugonga ukingo wa ubao au jiwe. Chuchu ikichubuka, mnyama huona uchungu wakati wa kukamuliwa, na jeraha hilo huwafungulia mlango vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya jike mwenye ugonjwa huo hayafai kunywewa wala kuuzwa, na upande mmoja wa kiwele huweza kukauka kabisa.

Aidha, mbuzi anayefugiwa ndani hakanyagi mawe. Kwato zake hukua bila kuchakaa, zikajikunja na kumfanya akanyage vibaya. Mnyama wa namna hiyo huteleza hata mahali ambapo mwenzake angepita salama. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo huhimiza kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane.

Jambo jingine husahaulika: kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, na mbuzi hushuka akitanguliza miguu ya mbele, uzani wake wote ukiielemea. Ngazi inayoonekana kufaa wakati wa kupanda huweza kuwa mtego wakati wa kushuka.

Ulalo au vipandio?

Kuna njia mbili za kumfikisha mbuzi bandani. Ya kwanza ni ulalo, yaani ubao mpana ulioinamishwa kutoka mlangoni hadi ardhini. Ya pili ni vipandio vya ngazi kama vya nyumba ya watu.

Ulalo ndio bora kwa majike wenye mimba, wanyama wazee na watoto wa mbuzi, kwa kuwa mnyama hainui mguu juu sana na kiwele hakigongi popote. Kasoro yake ni kwamba unahitaji nafasi ndefu mbele ya banda.

Vipandio huhitaji nafasi ndogo, na hivyo huwafaa wenye viwanja vyembamba mijini, kwa mfano viungani mwa Karatina au Kerugoya. Lakini lazima kila kipandio kiwe kifupi kwa kimo na kipana kwa kina. Ngazi ya pao za mviringo kama ile ya kupandia darini haifai kamwe. Mguu wa mbuzi hupenya kati ya pao mbili, na akishtuka na kuvuta, mfupa huvunjika.

Vipimo vya ulalo

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: kwa kila futi moja ya kimo cha sakafu, ulalo uende mbele futi tatu. Banda lenye sakafu ya futi mbili litahitaji nafasi ya futi sita mbele yake, na lenye sakafu ya futi tatu litahitaji futi tisa. Mwinamo huo ni mpole na mbuzi mzito hushuka bila kukimbia.

Kwa banda la futi tatu, mbao za futi kumi zinatosha, kwani urefu wa ulalo wenyewe huwa futi tisa na nusu hivi. Mfugaji ahitaji mbao nne za inchi 6 kwa 1 za kukanyagia, ambazo zikilazwa bega kwa bega hutoa upana wa futi mbili. Chini yake ziwekwe mbao mbili za inchi 4 kwa 2 za kubeba uzani. Upana wa futi mbili unatosha mbuzi mmoja kupita bila kusukumana na mwenzake. Ukiwa mpana zaidi, mbuzi wawili hung'ang'ania kupita pamoja na mmoja huangushwa.

Mbao zikishapigiliwa, juu yake pakingamishwe vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 1, kila kimoja kikiwa na urefu wa futi mbili, vikiachana inchi nane. Ulalo wa futi tisa na nusu utahitaji vipande 14 hivi, yaani takriban futi 28 za mbao hiyo nyembamba. Vipande hivyo ndivyo vinavyozuia kwato kuteleza. Vikiachana sana, watoto wa mbuzi hushindwa kuvifikia, navyo vikibanana mno, tope hujaa katikati na ulalo ukawa laini kama sabuni.

Misumari ipigwe kutoka juu, na ncha yoyote inayotokeza chini ipindwe. Kichwa cha msumari kilichobaki nje huchana kwato na kiwele, kwa hiyo kila kimoja kizamishwe ndani ya mbao.

Ulalo haupaswi kuegemezwa tu. Ncha ya juu ifungwe imara katika nguzo ya banda, na katikati pasimamishwe nguzo mbili fupi ili mbao zisibonyee. Mbuzi akihisi ubao unachezacheza, hukataa kuukanyaga, na mfugaji humdhania mkaidi. Ncha ya chini ilazwe juu ya mawe bapa, isizikwe udongoni, kwa sababu mbao iliyo udongoni huoza na kuliwa na mchwa upesi.

Kandokando ya ulalo pigilia ubao wa inchi sita uliosimama, kisha ufito mmoja kwa kimo cha futi mbili. Ubao wa chini huwazuia watoto wa mbuzi kuteleza pembeni, na ufito humwongoza jike mkubwa.

Vipimo vya vipandio

Anayechagua vipandio agawanye kimo cha sakafu kwa inchi sita. Sakafu ya futi tatu, ambayo ni inchi 36, itapandwa kwa hatua sita: vipandio vitano, na hatua ya sita ikiwa ni sakafu yenyewe. Kila kipandio kiwe na kina cha inchi 16, ili mbuzi aweze kutua kwa utulivu kabla ya hatua inayofuata. Ngazi ya aina hiyo huenda mbele chini ya futi saba.

Nyuma ya kila kipandio pazibwe kwa ubao. Uwazi ulio hapo ndio unaonasa miguu. Juu ya kipandio, badala ya kupiga randa, acha mbao ikiwa na ukwaru wake.

Wenye mawe ya ujenzi yachimbwayo Nyeri wanaweza kujenga vipandio vya mawe yaliyochongwa. Hivyo hudumu miaka mingi, na uso wake mkavu wenye ukwaru husaidia kusugua kwato zisikue ovyo. La kuzingatia ni kwamba ngazi ya mawe isizibe upande ambao mbolea hutolewa, wala isizuie hewa kupita chini ya sakafu.

Kibaraza na mlango

Juu ya ngazi, kabla ya mlango, paachwe kibaraza cha futi tatu hivi. Mbuzi anayefika juu na kukuta mlango umefungwa huhitaji mahali pa kusimama na kugeuka. Mlango nao ufunguke kwa ndani au usogezwe pembeni. Mlango unaofunguka kwa nje humsukuma mnyama aliye kileleni mwa ngazi.

Mbao za kutumia

Saiprasi, mkaratusi na mukima ndizo mbao zinazopatikana kwa wingi katika miji inayozunguka mlima. Saiprasi ni nyepesi na hupigiliwa kwa urahisi, na inafaa kwa sehemu za kukanyagia. Mkaratusi ni mgumu na mzito, nao hufaa kwa nguzo, ila ukitumiwa ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka. Mabanzi yanayobaki katika viwanda vya kupasulia mbao huuzwa kwa bei nafuu na yanaweza kutumika pembeni, mradi gome liondolewe. Gome likilowa huteleza.

Baadhi ya mafundi hupaka nguzo oili iliyotumika ya injini ili kuzikinga na mchwa. Oili hiyo isipakwe mahali mbuzi wanapokanyaga, kulamba au kutafuna. Mbuzi ni mnyama anayeonja kila kitu, na oili hiyo ina sumu. Vilevile rangi za zamani zenye risasi ziepukwe.

Kumzoesha mnyama

Ngazi mpya humtia mbuzi shaka. Kumvuta kwa kamba au kumpiga humfundisha kuichukia, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Njia iliyo bora ni chakula. Weka kishada cha mashina ya viazi vitamu kwenye kipandio cha kwanza, kesho yake kwenye cha tatu, kisha kibarazani. Majani ya kaliandra pia huvutia. Mti huo ulienea Embu katika miaka ya 1990 kupitia utafiti wa pamoja wa KARI, KEFRI na ICRAF, na tangu hapo umekuwa lishe ya kawaida mashambani. Mbuzi mmoja akishazoea, wenzake hufuata.

Ni busara kuwazoesha majike kabla hawajapandishwa, wala si wakati mimba imekuwa kubwa. Katika mwezi wa mwisho wa mimba ni vyema jike abaki ndani na kuletewa maji na malisho, asipandishwe na kushushwa kila siku.

Jukwaa la kukamulia

Ngazi ya banda si ngazi pekee katika boma la mfugaji. Wengi hukamulia juu ya jukwaa lenye kimo cha inchi 16 hadi 18, ambapo kichwa cha mbuzi hushikwa kati ya mbao mbili huku akila. Kimo hicho humwokoa mkamuaji na maumivu ya mgongo na huweka maziwa mbali na vumbi.

Mbuzi kijana huruka juu ya jukwaa bila kusaidiwa. Lakini jike mwenye kiwele kilichojaa awekewe kipandio kimoja cha inchi nane. Sanduku imara la mbao latosha, likifungwa kwenye jukwaa lisije likapinduka.

Kuku, mbwa na paka

Kanuni hizo hizo hufaa wanyama wengine wa nyumbani. Kuku wa kienyeji walioboreshwa ni wazito kuliko wa asili, na wakiruka kutoka uchaga wa juu hadi sakafu ya saruji kila asubuhi, nyayo zao huumia na kuvimba usaha. Ngazi ya fito bapa zenye upana wa inchi mbili, zikiachana inchi nane na kuinamishwa kwa upole, humaliza tatizo hilo. Uchaga wenyewe usizidi futi tatu, na chini yake paenezwe takataka za randa.

Mbwa mzee naye huhitaji msaada. Mbwa wakubwa wa ulinzi kama vile German Shepherd huelekea kupata kasoro ya nyonga, na baridi ya Nanyuki au Naro Moru huongeza ukakamavu wa viungo. Kumrusha ndani ya pikapu au kumwacha aruke chini ni kumwongezea uchungu. Ubao wa futi sita au zaidi uliofunikwa kwa gunia au kipande cha zulia, ukifungwa nyuma ya gari, humwezesha kupanda kwa miguu yake. Mbwa wafupi wenye mgongo mrefu wanastahili uangalifu zaidi, maana kuruka mara kwa mara kutoka kitini au kitandani huweza kuwaumiza uti wa mgongo. Vipandio vyao viwe vya inchi nne hadi tano.

Paka huhitaji kidogo mno. Aliyezeeka lakini bado analinda ghala la mahindi atashukuru kupewa masanduku mawili yaliyopangwa kama ngazi chini ya dirisha lake. Kreti za soda pia hufaa, ila zifunikwe kwa ubao kwa kuwa nyayo hunasa katika matundu yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mnyama aliyekuwa akipanda vizuri na ghafla akakataa huenda ni mgonjwa. Badala ya kumjengea ngazi nyingine, mfugaji amwite kwanza daktari wa mifugo.

Ukaguzi wa kila wiki

Ngazi ya mbao huchakaa mbele ya banda lenyewe, kwa sababu hunyeshewa, hukojolewa na kukanyagwa kila siku. Mfugaji aikague mara moja kwa wiki: je, kuna msumari uliotokeza, kipande kilicholegea, mbao iliyoanza kuoza au ukoga wa kijani? Tope likwanguliwe, na wakati wa mvua majivu au mchanga unyunyizwe ili kupunguza utelezi. Kupanua paa la mabati futi tatu mbele, likafunika ngazi, huongeza maisha yake maradufu.

Anayetaka kuona kabla ya kujenga anaweza kutembelea chuo cha mafunzo ya wakulima cha Wambugu mjini Nyeri, au kuzungumza na maafisa wa mifugo wa kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia huduma hizo nyanjani tangu mwaka 2013. Maonyesho ya kilimo katika uwanja wa Kabiruini nayo huwapa wafugaji nafasi ya kuuliza maswali na kulinganisha mabanda.

Mbao za ngazi moja hazifiki hata robo ya zile za banda zima, na kazi yake ni ya siku moja. Mbuzi anayevunjika mguu au kutupa mimba humgharimu mwenyewe msimu mzima wa maziwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mabanda mengi ya Nyeri uko pale pale mlangoni, kwenye jiwe lililoegemezwa siku ya kwanza na kusahaulika.